Kupima Theluji Kabla ya Kukanyaga Mteremko: Mwongozo Kamili wa Kuchimba Shimo na Kusoma Nguzo Pana

Wasafiri wengi wa milima ya theluji wamefundishwa kuchimba shimo ili kupima kama theluji ya mteremko inaweza kuporomoka, na bado wengi wao hutoka ndani ya shimo hilo na jibu lisilo sahihi. Ukiwauliza walivyofanya, makosa huwa yaleyale. Wamechimba mahali palipokuwa rahisi kufika badala ya mahali panapofanana na mteremko wanaoukusudia. Wamekata nguzo, yaani kipande cha theluji kinachotengwa kwenye ukuta wa shimo ili kigongwe, ambayo nyuma yake bado imeshikamana na theluji nyingine. Wamehesabu mapigo kwa uangalifu na kusahau kutazama ufa umefika wapi. Na kubwa kuliko yote, wamelichukua jibu zuri la shimo moja kuwa ruhusa ya kuteremka mlima mzima.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja, kuanzia taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji inayosomwa jioni hadi uamuzi wa kupita au kurudi. Msimamo wangu ni kwamba shimo linaweza kukukataza kupita, lakini halina uwezo wa kukuruhusu, na kila hatua hapa chini imepangwa kwa kufuata msimamo huo. Maandishi haya hayachukui nafasi ya mafunzo ya uwanjani pamoja na mkufunzi. Yanamsaidia aliyekwisha kufundishwa, au anayejiandaa kufundishwa, asirudie makosa ya wengine.

## Vifaa vinavyohitajika

Vifaa vya uokoaji hubebwa na kila mtu bila kubagua, hata kama kikundi kinakwenda kuchimba shimo tu na kurudi:

- Kifaa cha kutafutana, kinachorusha na kupokea mawimbi ya kilohezi 457. Kivaliwe mwilini chini ya koti la nje, kisiwekwe ndani ya mkoba, kwa kuwa mkoba unaweza kung'olewa na theluji.
- Ufito wa kukunjua wa kuchomea theluji, wenye urefu wa sentimita 240 au zaidi.
- Sepetu yenye bapa la alumini. Sepetu ya plastiki hupinda na kuvunjika kwenye theluji iliyokwisha kuporomoka, ambayo hukaza kama saruji punde tu inaposimama.

Vifaa vya kupimia vinatosha kwa kikundi kizima vikiwa seti moja: msumeno wa theluji, kamba nyembamba ya mita tatu hadi nne yenye mafundo, rula au ufito wenye alama za sentimita, kipimajoto cha kuchomeka, kioo cha kukuzia, kadi nyeusi yenye miraba ya milimita, dira, kipima mwinamo, pamoja na daftari na penseli. Kalamu ya wino huganda, penseli haikuangushi.

Kabla ya kuondoka, kila mtu awashe kifaa chake cha kutafutana, na mmoja asimame pembeni akihakikisha kwamba kila anayempita anasikika. Simu na vifaa vingine vya umeme vikae angalau sentimita 20 kutoka kwenye kifaa hicho kinaporusha, na sentimita 50 kinapotafuta, kwa sababu huvuruga mawimbi. Ukaguzi huu hauzidi dakika tano. Mtu aliyefukiwa ana nafasi kubwa ya kupona akifukuliwa ndani ya dakika 10 hadi 15 za kwanza, na baada ya hapo nafasi hiyo hupungua kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo wenzake waliopo papo hapo ndio waokoaji wake halisi.

## Unachokitafuta ndani ya theluji

Theluji iliyolala mlimani imepangika kwa matabaka, kila tabaka likiwa kumbukumbu ya dhoruba, ya siku za jua au ya usiku wa baridi kali. Poromoko linaloua watu wengi zaidi ni lile la bamba: tabaka la juu lililoshikamana kama ubao limelala juu ya tabaka dhaifu, uzito wa mtu unaliponda tabaka lile dhaifu mahali pamoja, ufa unakimbia chini ya bamba kwa makumi au mamia ya mita, kisha bamba lote linakatika na kuondoka kwa wakati mmoja.

Mambo mawili basi yanapaswa kupimwa, nayo si kitu kimoja. La kwanza ni urahisi wa ufa kuanza. La pili ni uwezo wa ufa huo kusambaa. Wanaokosea huishia kwenye la kwanza.

## Hatua ya 1: Soma taarifa ya hatari hadi mwisho

Katika maeneo mengi ya milima yenye vituo vya utabiri, taarifa hutolewa kila siku ya msimu kwa kipimo cha ngazi tano: ya 1 ni hatari ndogo, ya 2 ya wastani, ya 3 ya juu kiasi, ya 4 kubwa, na ya 5 iliyokithiri. Ngazi hizi hazipandi kwa hatua sawa. Kutoka ya 2 kwenda ya 3 ni mruko mkubwa kuliko namba zinavyoonyesha. Watu wengi hufa siku za ngazi ya 3, kwa kuwa siku za 4 na 5 wengi hubaki nyumbani, ilhali ya 3 inaonekana kama katikati salama, nayo si katikati salama hata kidogo.

Usiishie kwenye namba. Soma ni aina gani ya tatizo linalotajwa, liko kwenye mwinuko gani na kwenye miteremko inayotazama upande gani. Matatizo yanayotajwa kwa kawaida ni theluji mpya, bamba la upepo, tabaka dhaifu linalodumu, theluji iliyolowa, na theluji inayoserereka juu ya ardhi.

Sababu ya kutaka ulijue tatizo kwanza ni kwamba shimo halifai kwa kila tatizo. Kwa tabaka dhaifu linalodumu, ambalo limefukiwa na halionekani kwa juu, shimo lina faida kubwa. Kwa bamba la upepo, macho yako juu ya uso wa theluji yatakueleza mengi kuliko sepetu. Kwa theluji iliyolowa, saa na joto la hewa ndivyo vinavyoamua. Kwa theluji inayoserereka, shimo halikusaidii chochote, kwa sababu hakuna anayeweza kubashiri saa itakapoondoka.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mwenzako kwa sentensi moja, bila kutazama simu, kwamba leo tatizo ni fulani, liko juu ya mwinuko fulani, kwenye miteremko inayotazama upande fulani.

## Hatua ya 2: Pima mwinamo kwenye ramani, kisha kwa jicho na kifaa

Maporomoko ya bamba hutokea zaidi kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, na kilele chake ni karibu na nyuzi 38. Bahati mbaya, huo ndio mwinamo unaopendeza kwa kuteremka na skii.

Kwenye ramani ya kipimo cha 1:25,000 yenye kontua (mistari ya mwinuko) za kila mita 20, nyuzi 30 ni pale ambapo kontua mbili zimeachana kwa takriban milimita 1.4, nyuzi 40 ni takriban milimita moja tu. Chukua rula, pima njia yako yote, na uweke alama kila mahali nafasi inapopungua chini ya milimita moja na nusu. Programu nyingi za ramani hupaka rangi miinamo hii, nazo zinasaidia, ila ramani ya aina yoyote hulainisha vigongo vidogo: ngazi ya mita nane yenye nyuzi 38 inaweza isionekane kabisa, na mita nane zinatosha kumfukia mtu.

Tia alama pia kwenye miteremko iliyo juu ya njia yako. Poromoko linaweza kuanzishwa kutoka chini, kwa mtu anayetembea kwenye tambarare huku tabaka dhaifu lililo chini ya miguu yake likiunganika na mteremko wa juu. Halafu tia alama kwenye mitego ya ardhi, yaani makorongo, mashimo ya vijito, majabali na miti iliyo chini ya mteremko, kwa sababu mahali hapo hata poromoko dogo hufukia kwa kina kirefu au huponda mwili.

## Hatua ya 3: Tazama na usikilize njiani, kabla ya kuchimba

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wale wanaolipenda shimo kupita kiasi. Theluji husema yenyewe inapokuwa mbaya, na ikisema huhitaji kuchimba. Ukikutana na lolote kati ya haya, jibu limekwisha kupatikana:

- Maporomoko mapya, hasa ya ndani ya siku moja au mbili, kwenye miteremko yenye uelekeo na mwinuko kama wa kwako.
- Mvumo mzito chini ya miguu, kama pumzi iliyotolewa ghafla na ardhi, mara nyingine pamoja na uso wa theluji kushuka kidogo. Hilo ni tabaka dhaifu linaloporomoka ukiwa umesimama juu yake.
- Nyufa zinazokimbia mbele ya skii au viatu vyako.
- Theluji mpya nyingi iliyoanguka kwa muda mfupi, mathalani sentimita 30 au zaidi ndani ya siku moja. Penye upepo au tabaka dhaifu la zamani, hata nusu ya hiyo inatosha.
- Joto linalopanda ghafla, mvua, au theluji inayolowa hadi mguu unazama.

Upepo unastahili maelezo zaidi. Mabaharia huuita upande unaokabili upepo joshi, na upande wa pili demani. Mlima nao una joshi na demani yake. Upepo hukwangua theluji upande wa joshi na kuilundika upande wa demani, na unaweza kuilundika mara kumi kwa haraka kuliko inavyoanguka kutoka angani. Kwa hiyo anga inaweza kuwa safi usiku kucha, na asubuhi bamba jipya likawa limejengeka. Tazama kingo za theluji zinazoning'inia kwenye mgongo wa mlima: zinaelekeza upande wa demani. Tazama mawimbi makali yaliyochongwa juu ya uso wa theluji. Chomeka fimbo yako kila baada ya muda na usikilize kama uso unatoa sauti tupu ya ngoma.

Onyo: ukishasikia mvumo au kuona ufa ukikimbia, usichimbe shimo ili kutafuta maoni ya pili. Nimewaona watu wenye ujuzi wakifanya hivyo, na ninaamini walikuwa wakitafuta shimo litakalowakubalia.

## Hatua ya 4: Chagua mahali pa kuchimba

Shimo ni tundu moja kwenye mlima wenye maelfu ya sura. Ili lifae, mahali pake pafanane na mteremko unaokuhusu kwa mambo matatu: uelekeo kwa dira, mwinuko, na namna upepo ulivyopafikia. Shimo la mteremko unaotazama kusini halisemi lolote kuhusu ule unaotazama kaskazini, hata kama uko hatua mia moja kutoka hapo.

Wakati huohuo, mahali penyewe pawe salama. Hapa watu hupata wasiwasi wakidhani kwamba ni lazima wachimbe katikati ya mteremko mkali. Si lazima. Jaribio la nguzo pana hufanya kazi pia kwenye mwinamo ulio chini ya nyuzi 30, kwa kuwa kuporomoka kwa tabaka dhaifu hakutegemei sana mwinamo. Tafuta kijiteremko kidogo, chenye uelekeo na mwinuko uleule, kisicho na mteremko mkali juu yake wala mtego wa ardhi chini yake.

Ukifika, kunjua ufito uchome theluji mara kadhaa, ukizunguka eneo la mita chache. Kina kikibadilika sana kutoka sentimita 60 hadi 180, umesimama juu ya mwamba au shimo lililofukiwa, sogea. Kaa mbali na miti inayodondosha theluji kutoka matawini, na mbali na nyayo na alama za skii za zamani.

Utajua umefaulu ufito ukizama kwa kina kinacholingana kila mahali, na mwenzako akiweza kukutajia mahali pa kukimbilia endapo kitu kitasogea.

## Hatua ya 5: Chimba haraka, na ukuta uwe safi

Chimba shimo lenye upana wa mita moja na nusu na kina cha mita 1.2 hadi 1.5. Kwenda chini zaidi mara nyingi ni kupoteza nguvu, kwa kuwa uzito wa mtu mmoja ni nadra kulifikia tabaka lililo chini ya hapo. Ukuta wa upande wa juu wa mteremko ndio utakaosomwa: uwe wima, na ukiwezekana uwe kivulini, kwa sababu jua huubadilisha ndani ya dakika chache. Tupa theluji upande wa chini. Mtu yeyote asikanyage sehemu iliyo juu ya ukuta huo, kwani nyayo huziponda chembe unazotaka kuzisoma.

Kazi yote, kuanzia sepetu ya kwanza hadi jibu, ichukue dakika 20 hivi. Shimo la saa nzima huwafanya watu wapate baridi, na mtu mwenye baridi hukubali jibu lolote ilimradi aondoke.

## Hatua ya 6: Soma matabaka kwa mkono na kwa jicho

Pitisha kidole au ukingo wa kadi kutoka juu hadi chini ya ukuta. Utahisi mahali pagumu na pale ambapo kidole kinazama. Weka alama kwenye kila mpaka.

Kisha pima ugumu wa kila tabaka kwa kusukuma ndani kwa nguvu ndogo isiyobadilika, ukianza na kitu butu: ngumi, vidole vinne, kidole kimoja, ncha ya penseli, ubapa wa kisu, panaposhindikana hata kisu ni barafu. Andika kitu cha kwanza kilichoingia. Theluji iliyo ngumu juu na laini chini, kwa mfano tabaka la kidole kimoja juu ya tabaka la ngumi, ni bamba lililolala juu ya udhaifu. Theluji inayozidi kuwa ngumu taratibu kadiri unavyoshuka ni dalili njema.

Sasa kwangua chembe chache za tabaka laini juu ya kadi nyeusi, uzitazame kwa kioo cha kukuzia bila kuzipulizia pumzi. Kuna jamii mbili za chembe zinazodumu kuwa dhaifu kwa wiki nyingi baada ya kufukiwa. Ya kwanza ni chembe zenye pembe na bapa zinazong'aa, zisizoshikana, ambazo humwagika mkononi kama sukari. Zikikua zaidi karibu na ardhi huwa kama vikombe vidogo vyenye mistari. Ya pili ni sakitu iliyofukiwa: manyoya bapa yaliyoota juu ya uso wa theluji katika usiku mkavu na mtulivu, kisha yakafunikwa na dhoruba iliyofuata. Sakitu inaweza kuwa na unene wa milimita chache tu, mstari wa kijivu ambao jicho la haraka huupita. Mimi hupiga mswaki ukuta kwa brashi ndogo ya kupakia rangi. Tabaka laini huchimbika na mstari hujitokeza. Brashi hii haimo kwenye orodha ya vifaa vya lazima, lakini siachi kuibeba.

Kipimajoto kinakuja mwisho. Chomeka kila baada ya sentimita 10. Joto likibadilika kwa zaidi ya nyuzi 1 ya selsiasi ndani ya sentimita 10, mazingira yanaruhusu chembe zenye pembe kuendelea kuota mahali hapo. Joto likiwa sifuri kutoka juu hadi chini, theluji imelowa, na jaribio linalofuata halitakufaa: tegemea saa, na uondoke mapema.

Kabla ya kukata nguzo, jiulize maswali matano kuhusu kila mpaka ulioutilia shaka. Je, uko ndani ya mita moja kutoka juu? Je, tabaka dhaifu ni jembamba, chini ya sentimita 10? Je, ugumu unaruka kwa ngazi moja au zaidi kati ya tabaka na jirani yake? Je, chembe ni za zile jamii mbili? Je, ukubwa wa chembe unatofautiana na jirani kwa milimita moja au zaidi? Majibu ya ndiyo yakiwa mengi, wasiwasi nao uwe mwingi, hata kama jaribio litanyamaza.

## Hatua ya 7: Kata nguzo pana na uigonge

Pima juu ya uso wa theluji, kwenye ukingo wa ukuta, upana wa sentimita 90 kukata mteremko, na sentimita 30 kuelekea juu. Simamisha fito mbili kwenye pembe mbili za nyuma, zikiwa wima. Zungushia kamba yenye mafundo nyuma ya fito hizo, shika ncha zake mbili ukiwa shimoni, na uvute kwa kupokezana mkono huu na huu hadi kamba ishuke chini ya tabaka unalolishuku. Pembeni unaweza kumalizia kwa msumeno.

Kosa la kawaida liko hapa. Kamba ikivutwa kwa pupa hupinda, ikaacha kiunzi cha theluji kikiishikilia nguzo kwa nyuma. Nguzo hiyo itaonekana imara kwa sababu imefungwa, si kwa sababu theluji ni nzuri. Pitisha msumeno mara moja zaidi kwenye kila upande kuhakikisha. Kosa la kinyume ni kukata chini zaidi ya inavyohitajika: nguzo ndefu huyumba na kuvunjika bila kueleza lolote.

Laza bapa la sepetu juu ya ncha moja ya nguzo, si katikati. Gonga mara 10 kwa ncha za vidole, mkono ukitikisika kutoka kwenye kifundo tu. Gonga mara 10 nyingine mkono ukianguka kutoka kwenye kiwiko. Malizia mara 10 mkono ukianguka kutoka begani, kwa kiganja au ngumi. Uache mkono uanguke kwa uzito wake wenyewe; usiusukume. Mwenzako achuchumae mbele ya ukuta, macho yakiwa kwenye matabaka, na ahesabu kwa sauti.

## Hatua ya 8: Soma jibu, ukianza na ufa

Kuna majibu manne.

Nguzo inaweza kukatika katika upana wake wote ungali unakata, kabla hujagonga hata mara moja. Hilo ndilo jibu baya kuliko yote, na shughuli imekwisha.

Pili, ufa unaweza kuanza chini ya sepetu kwa pigo fulani, na kwa pigo hilohilo au linalofuata ukavuka sentimita zote 90 hadi ncha ya pili. Jibu hili lina maana kwamba ufa ukishaanza utasambaa. Hapa ndipo idadi ya mapigo inapowapotosha watu. Ufa uliovuka kwa pigo la 24 humfanya mtu aseme, "mapigo 24 ni mengi, theluji ni ngumu." Lakini mlimani kuna mahali ambapo bamba ni jembamba kuliko hapa, karibu na mwamba au ukingoni, na mahali hapo mguu mmoja unatosha kuanza kile ambacho shimoni kimehitaji mkono kutoka begani. Ufa uliovuka ni ufa uliovuka, ugeuze njia.

Tatu, ufa unaweza kuanza chini ya sepetu ukaishia njiani, au ukahitaji mapigo mengine mengi kufika upande wa pili. Nne, mapigo yote 30 yanaweza kwisha bila ufa wowote. Majibu haya mawili ni mazuri zaidi, lakini ni ya nguzo hii tu. Jaribio hili halilioni vizuri tabaka dhaifu lililo ndani ya sentimita 15 za juu, ambapo sepetu huponda tu, wala lile lililo chini ya mita moja hivi.

Kwenye mwinamo mdogo, kipande kilichokatika hakitateleza kuja kwako, kwa hiyo usingoje kiteleze. Tazama mstari mwembamba ukitokea ghafla, au sehemu ya juu ikishuka kwa milimita moja. Baada ya kugonga, inua kipande hicho: kikitoka kizima na chini yake kukiwa laini kama kioo, ufa ulikuwa safi, chini kukiwa na mikwaruzo na mabonge, tabaka lilikuwa likipinga.

Panua ukuta huohuo kwa pembeni na urudie jaribio mara ya pili. Majibu yakitofautiana, shika lililo baya.

## Hatua ya 9: Amua, na uamuzi uwe wa pande zote

Weka pamoja vitu vitatu: taarifa ya hatari, ulichokiona njiani, na shimo. Kimoja kikikataa, kikundi kimekataa. Shimo likiwa zuri huku taarifa ikionya kuhusu tabaka dhaifu linalodumu kwenye uelekeo huohuo, amini taarifa. Watabiri wamekusanya habari za mashimo na maporomoko mengi, wewe umechimba moja.

Kukataa hakulazimishi kurudi nyumbani. Miteremko iliyo chini ya nyuzi 30, isiyo na miteremko mikali juu yake, hubaki kuwa njia nzuri siku nyingi za msimu, na migongo mipana ya mlima upande wa joshi mara nyingi hupitika. Mtu yeyote kikundini akisema hataki, asitakiwe kutoa sababu. Kanuni hiyo mkubaliane asubuhi, kabla ya theluji nzuri kuwalewesha.

Yote matatu yakikubali, pita hata hivyo kama mtu ambaye huenda amekosea. Apite mmoja mmoja, wengine wakisimama mahali salama na kumtazama bila kumwachia macho hadi afike. Asisimame katikati ya mteremko kupiga picha. Joto likianza kupanda au upepo ukigeuka, uamuzi wa asubuhi umefutika na kazi inaanza upya kutoka hatua ya 3.

## Hatua ya 10: Andika, kisha fukia

Andika tarehe, saa, mwinuko, uelekeo, mwinamo, matabaka yenye shaka, na jibu la nguzo pamoja na kina cha ufa. Kituo cha utabiri cha eneo hilo kikipokea taarifa za wasafiri, wapelekee, hata kama jibu lilikuwa zuri na linaonekana halina habari.

Halafu rudisha theluji shimoni hadi lijae. Anayeteremka jioni katika mwanga hafifu hawezi kuona tundu la mita moja na nusu mbele yake, na ukuta ulioachwa wazi hubadilika usiku huohuo kwa baridi, hivyo hautamfaa atakayekuja kesho akidhani amekuta kazi imekwisha kufanywa.